Nimeanza Skyrim, nifuate stori kuu au niendelee kuzurura tu?

KiboGamer:

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya waliocheza hii gemu maana mimi nimeingia juzi juzi tu na imenikamata vibaya, na hapa home hakuna hata mmoja wa kumwelezea akanielewa. Mimi ni mtu wa mpira na magari, gemu za mapanga na majoka nilikuwa naziona kwenye video za watu tu napita. Sasa binamu yangu kaninunulia Skyrim Special Edition kipindi cha punguzo nikasema ngoja nijaribu, aisee.

Kwa ambao hamjaicheza mwanzo wake uko hivi. Unafumbua macho uko kwenye mkokoteni wa farasi mikono imefungwa, mnashuka mlimani na wafungwa wengine, kuna mwizi wa farasi anaitwa Lokir anaita miungu yote anayoijua, na kuna mwingine kazibwa mdomo kwa kitambaa ambaye kumbe ndo Ulfric, kiongozi wa waasi. Mnafika mji wa Helgen mnapangwa foleni ya kukatwa vichwa, na ni hapo kwenye foleni ndo unaulizwa wewe nani, unachagua kabila na kuchonga sura. Makabila yako 10, kuna watu wa kawaida, kuna wale wa masikio marefu, kuna wenye umbo la paka na wenye umbo la mjusi. Mimi nilichukua Redguard, watu weusi wa nchi inaitwa Hammerfell, wanasifika kwa upanga dunia nzima ya hiyo gemu, na niseme tu ukweli kilinigusa, kukuta mtu mweusi kwenye gemu ya namna hii ambaye ana nchi yake na historia yake na hakuwekwa pale kujaza nafasi. Nilikaa kwenye ile sura muda mrefu nikirekebisha ndevu mpaka akatulia.

Basi kichwa kiko kwenye gogo, shoka juu, linatua joka kubwa jeusi juu ya mnara na kila kitu kinawaka. Unakimbia, unachagua umfuate Hadvar wa jeshi la dola au Ralof wa waasi, mnapita chini ya ngome, mnampita dubu kalala, mnatokea upande wa pili wa mlima. Na hapo wakuu ndo swali langu linaanzia. Jamaa anakwambia twende kijiji cha Riverwood, lakini hakuna kinachokulazimisha. Hakuna ukuta, hakuna maandishi mekundu ya kukwambia umetoka nje ya misheni rudi. Nikageuka nikaenda upande wangu, na gemu ikaniacha niende.

Tangu hapo sijafanya cha maana na nina raha kweli. Nimeona samaki wanaruka maporomoko kupanda mto nikakuta wanashikika, nimekamata vipepeo, nimepasua kuni pale Riverwood nikamuuzia Hod wa kiwanda cha mbao na ni hela halali kabisa. Nimepanda Bleak Falls Barrow, makaburi ya kale huko mlimani, kutafuta ukucha wa dhahabu wa yule mwenye duka, mle ndani kuna mlango wa duara tatu zinazozunguka na hakuna anayekupa jibu, mpaka ufungue mzigo wako, uushike ule ukucha uugeuze uangalie kiganjani, unakuta wamechora dubu, nondo na bundi. Nilisimama kabisa kwenye kiti. Mtu aliyetengeneza kile kitu aliamini mchezaji ana akili, na mimi sikuwa nimezoea kuaminiwa hivyo na gemu.

Sasa nimefika mji wa Whiterun, mtawala wake Jarl Balgruuf kanituma kwa mchawi wake na najua habari inayofuata ni joka, ila nikitoka getini najikuta nimekata kushoto kufuata kitu nimekiona kwa mbali. Naomba kujua, stori itanisubiri? Kuna muda unaisha? Nikizurura hivi kuna kitu napoteza au ndo inavyotakiwa kuchezwa? Na laptopu yangu inapata joto sana ikifika nje ya mji, kama kuna mtaalamu anisaidie na hilo. Nawasilisha.

---

pwani254:

Karibu sana ndugu yangu, umeingia mahali pazuri. Nikujibu kwanza lile la kukusumbua: haiishi muda. Jarl atakaa pale kwenye kiti chake mwezi, mwaka, miaka mitatu ya ndani ya gemu, ukirudi atakwambia lile lile. Kwa hivyo kuzurura zurura upendavyo.

Lakini mimi nitakupa shauri moja na nalishikilia kwa nguvu kabisa. Fuata stori kuu mpaka ule mnara wa magharibi nje ya Whiterun, Western Watchtower, ukishamaliza pale ndio uende zako. Sababu ni hii, kabla ya ule mnara majoka hayaruki ovyo duniani. Watu wengi huzunguka ramani nusu nzima wakiulizana mbona joka ni lile la Helgen peke yake, kumbe mlango wa majoka hawajaufungua. Pale ndipo unapopigana na Mirmulnir, yule joka wa kwanza, na ukimuua roho yake inakuingia mwilini, askari wote wanabaki wanakutazama, halafu mlima wote unanguruma watu wanakuita. Sitasema zaidi. Ila toka siku hiyo unaweza kuwa unachuma maua yako porini kivuli kikapita juu ya majani, ukainua kichwa.

Na lingine, pale Bleak Falls Barrow mwisho kabisa uliona ukuta umechongwa maandishi ukaanza kuwaka na kuimba, si ndio? Yale ni maneno ya sauti, hayatumiki kwa upanga, yanatumika kwa kinywa. Kila neno utakaloliona huko porini linataka roho ya joka ndio lifunguke. Ukizurura kabla ya mnara unayakusanya tu yamelala. Ukizurura baada ya mnara kila pango lina maana zaidi. Hiyo ndiyo tofauti, na kwa upande wangu ni kubwa.

Baada ya hapo, wallahi, isahau stori. Mimi nimewahi kukaa mji wa Riften nikawa mwizi, nikajiunga na chama chao kule chini ya mji kwenye mitaro, wala sikumkumbuka joka mkubwa ni nani.

---

bintiMwanza:

Jamani mmenifurahisha maana hii gemu imetoka tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 2011 na bado kuna mtu anaingia leo macho yanamtoka, yaani hiki ndo nilichokuwa nataka kusoma leo.

KiboGamer mimi naomba nikwambie kitu kimoja cha tofauti na huyo kaka wa pwani, ingawa la mnara yuko sahihi. Wewe swali lako unauliza kama kuzurura ni kupoteza muda. Mimi nacheza hii gemu kwa kuzurura tu na nina sheria zangu. Sheria ya kwanza siruki kwa ramani. Ukibonyeza mji kwenye ramani unatokea pale pale na kila kitu katikati umekikosa, na kwa mtazamo wangu katikati ndo gemu yenyewe. Kama safari ni ndefu naenda zizini nje ya Whiterun, pana mwenye mkokoteni, namlipa ananipeleka mji mwingine, kwenda kokote nje ya miji mikubwa natembea kwa miguu au kwa farasi. Sheria ya pili, kabla sijaanza namwamulia mtu wangu maisha. Huyu wa sasa ni mwindaji, anaishi kwa upinde, anauza ngozi, hajui uchawi wala hataki kujua, na vita vya waasi na dola anavisikia tu kwa wapita njia. Ukifanya hivyo unakuta kila kijiji kina sababu ya kuingia, unaingia kwa sababu jua limezama na mvua inanyesha na huyo mtu wako anahitaji kulala.

Na kama unataka dunia ikubane kweli kuna hali ya kuishi kwa shida, Survival Mode, tangu ile sasisho la Novemba 2021 ipo bure kwa wenye Special Edition. Ukiiwasha unasikia njaa, unasikia baridi, unachoka, na kuruka kwa ramani kunafungwa kabisa. Usiianze leo lakini, ngoja ujue kwanza supu inapikwa wapi.

Kingine ambacho nataka ukijaribu. Ukiwa porini ukamwona mbweha, mfuate. Wachezaji miaka mingi walikuwa wanasema mbweha wa Skyrim wanakupeleka kwenye hazina, wengine wakabisha, mpaka mwaka 2021 Joel Burgess aliyekuwa mmoja wa watengenezaji akaeleza kisa chenyewe. Ardhi ya ile gemu wanyama wanaiona kama pembetatu zimeunganishwa, porini patupu pembetatu ni kubwa na chache, ila kwenye kambi na magofu na mapango ni ndogo ndogo nyingi kwa sababu pana vitu vingi. Sasa mbweha akikuona anakimbia, na kukimbia kwake hakuhesabiwi kwa mita, kunahesabiwa kwa pembetatu. Kwa hiyo anajikuta anaelekea penye pembetatu nyingi, na penye pembetatu nyingi ndo penye vitu. Hakuna aliyepanga mbweha awe kiongozi wa njia, ilitokea yenyewe tu kwa jinsi dunia ilivyoshonwa. Mimi nikisoma kile kitu nilifurahi siku nzima.

Usiogope kuzurura dada anakwambia.

---

mzee_wa_vumbi:

Nawasoma wadogo zangu na ninaipenda hii gemu kama nyinyi, ila kuna jambo lazima lisemwe ili kijana asije akadhani ndo kilele cha kila kitu.

Hilo la stori kukusubiri mnalolisifia mimi ndo naona udhaifu wake mkubwa. Joka linakuja kumaliza dunia, watu wanakufa, halafu wewe unakamata vipepeo na hakuna anayeumia kwa wewe kuchelewa. Kijiji hakiungui kwa sababu hukwenda. Matokeo yake uzito unapotea. Unaweza kuwa mkuu wa mashujaa wa Jorrvaskr, lile jumba lao pale Whiterun, ukawa mkuu wa chuo cha wachawi Winterhold, ukawa mkubwa wa wezi Riften, vyote mtu mmoja, na chuo cha wachawi unaweza kukimaliza kwa uchawi kidogo sana, muda mwingi unapiga watu marungu. Hapo dunia inakubembeleza mno.

Mimi nilianzia Morrowind ya mwaka 2002, gemu ya hao hao Bethesda waliotengeneza Skyrim. Kule hakuna alama kwenye ramani ya kukwambia nenda hapa. Mtu anakwambia kwa mdomo, toka mjini kaskazini, ukivuka daraja fuata mto, ukiona mwamba mkubwa kata mashariki, na inaandikwa kwenye daftari lako, basi. Ukipotea umepotea. Kusafiri kuna wadudu wakubwa wanaobeba watu na kuna mashua, na lazima ujue kipi kinakwenda wapi. Ule ugumu ulinifanya niijue ile nchi kwa miguu na masikio. Ndo maana nakubaliana na bintiMwanza kwenye sheria zake, ila mnaona wenyewe, amelazimika kujitungia sheria kwa sababu gemu haikumpa.

Sasa kijana, ushauri wangu ni wa namna nyingine kabisa. Ukizurura usizurure kwa macho tu, zurura kwa masikio. Skyrim ina siasa nzito na wengi wanapita bila kuisikia kwa sababu wanaharakia mapango. Umechagua Redguard, vizuri, nenda Windhelm mji wa Ulfric. Ingia getini usikilize kinachosemwa pale pale mlangoni kwa wale Dunmer, wakimbizi wa masikio marefu. Kisha ingia mtaa wao, Gray Quarter, uone wanavyoishi kwenye vichochoro, halafu shuka bandarini uone wenye umbo la mjusi hawaruhusiwi hata kulala ndani ya kuta za mji, wanalala kule kule gatini wanakopakua mizigo. Na wale paka wafanyabiashara utawakuta miji kadhaa wamepiga hema nje ya geti, kwa sababu ndani hawatakiwi. Halafu ndo urudi umsikilize Ulfric anavyoongea juu ya uhuru.

Na usidhani upande wa dola ni wasafi. Walisaini mkataba na Thalmor, watawala wa dola ya wale wa masikio marefu, baada ya vita, mkataba ukakataza watu wa Skyrim kumwabudu Talos mungu wao, na wanaokamatwa wanachukuliwa usiku. Sasa uchague. Mimi sijawahi kuchagua upande nikalala na amani, na kwa hilo nawavulia kofia waliotunga.

Soma pia vitabu mle ndani, viko mashelfuni kila nyumba, ni vya kusomeka kweli. Vingine vinakubishia vingine, mmoja anasema hivi kuhusu vita ile, mwenzie anasema vile, na gemu haikwambii nani mkweli.

---

pwani254:

Mzee heshima yako lakini hapo kwenye kusubiri nakupinga. Mimi nafanya kazi, nina watoto, gemu naishika usiku wote wakishalala. Dunia yenyewe ya nje hainisubiri hata kidogo, bili hazisubiri, bosi hasubiri. Pale nataka mahali ambapo nikiacha mlango wazi nikirudi nitaukuta wazi. Gemu ikiniwekea saa ya kukimbizana nayo nitaizima. Huo si udhaifu kwa kila mtu.

Hilo la Windhelm lakini umelisema vizuri mno, hapo sina neno. Mara ya kwanza nilipita pale kama mtalii.

---

FundiRig:

Naona swali la laptopu limerukwa, ngoja nilichukue.

KiboGamer, Special Edition inataka RAM ya GB 8, nafasi GB 12 na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 470, hicho ndo kiwango cha chini walichotangaza. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zina prosesa nzuri tu ila picha zinategemea kile kidude kilichomo ndani ya prosesa, hapo ndo moto unapoanzia. Fungua ile launcha kabla ya kuingia kwenye gemu, nenda kwenye mipangilio ya juu, kwanza shusha vivuli, ubora wake na umbali wake wote, vivuli ndo vinakula kuliko kitu chochote. Ukubwa wa picha ushushe pia ikibidi, 720 kwenye kioo kidogo inaonekana safi. Umbali wa kuona majani punguza. Vitu vya mbali usivipunguze sana maana najua unapenda kuona milima, na hii gemu bila milima ya mbali imepoteza nusu ya uzuri wake. Inua laptopu nyuma ipate hewa, usicheze juu ya kitanda.

La pili na hili wengi hawalijui. Usiondoe kikomo cha fremu 60. Kuna watu wakipata mashine kali wanafungua kikomo wanataka 144, kwenye hii gemu fizikia imefungwa na fremu, ukizidisha vyombo mezani vinaruka ukifungua mlango, mikokoteni inacheza. Iache 60, kwa mashine yako hata 30 iliyotulia ni bora kuliko 45 inayopanda na kushuka.

La tatu kusevu. Usitegemee ile inayojisevu yenyewe peke yake. Kila ukimaliza pango au misheni fungua menyu usevu faili jipya, uwe na kadhaa nyuma yako. Gemu ni kubwa mno, kuna misheni inaweza kukwama na utahitaji kurudi hatua.

Modi, yale mabadiliko ya gemu wanayotengeneza mashabiki, zipo kwa maelfu na Bethesda wenyewe walitoa vifaa vya kuzitengenezea, Creation Kit, tangu Februari 2012, ndo sababu mojawapo hii gemu haizeeki. Ila kwa sasa ningekushauri ucheze kama ilivyo, uijue. Ukitaka moja tu weka ile ya jamii inayorekebisha hitilafu, Unofficial Patch. Na modi ukishaiweka katikati ya safari usiitoe, anza mtu mpya, ukiitoa inaacha vipande ndani ya sevu na vipande ndo vinakuja kukuharibia baadae. Jua pia ukiweka modi kwenye Special Edition zile tuzo za Steam hazihesabiki.

Mimi kwa stori sijaimaliza mpaka leo, natengeneza mashine za watu zaidi kuliko kucheza, ila ule wimbo wa kwanza ukiingia, lile kundi la wanaume wanaoimba kwa lugha ya majoka, natulia dakika nzima kabla sijabonyeza chochote. Jeremy Soule, mtunzi wa muziki wake, alifanya kazi pale. Weka spika nzuri au hedifoni.

---

KiboGamer:

Aisee nimesoma yote mara mbili. FundiRig vivuli nimeshusha na feni imeacha kulia, asante sana mkuu.

pwani254 nimekusikiliza, nimeenda mnarani. Nilikuwa nyuma ya ukuta na upinde, Irileth yule mlinzi wa Jarl anapiga kelele, askari mmoja kanyakuliwa nikamwona anapanda juu, daah. Na baadae mlima ukaita kweli. Nilisisimka mpaka nikatoa hedifoni nikaangalia dirishani. Sasa naelewa kwa nini ulishikilia.

mzee wa vumbi ulichoandika kuhusu Windhelm kimenikaa kichwani, nitakwenda, ila kwa miguu kama alivyosema dada. Na hilo la vitabu nimeanza nalo.

Swali la pili basi. Hapa nimeambiwa nipande mlima kwa wazee, High Hrothgar, wanasema ngazi 7,000. Mimi sina nguvu bado, nina upanga na ngao ya chuma ya kawaida na upinde, na mzigo umejaa kila saa naambiwa siwezi kukimbia. Nimuongezee nini kwanza mtu wangu, na huko juu kuna nini?

---

mzee_wa_vumbi:

Levo za hii gemu zinapanda kwa kutenda. Kuna ujuzi 18, ukitumia upanga upanga unapanda, ukinyata kunyata kunapanda, na huo ujuzi ukipanda wa kutosha ndo wewe mzima unapanda levo. Kwa hiyo usihangaike kutafuta njia bora mtandaoni, utaharibu. Utaambiwa na kila mtu unyate na upinde kwa sababu ni rahisi kuua watu bila kuonekana, na ni kweli ni rahisi, ila nusu ya wachezaji wa hii gemu wameishia kuwa mtu yule yule mmoja. Wewe ni Redguard, umepewa upanga tangu kuzaliwa, shika upanga na ngao, jifunze kuzuia pigo kisha kumrudishia mtu.

Ukipanda levo unachagua afya, uchawi au pumzi. Ukichukua pumzi uzito unaobeba unaongezeka kwa 5, unaanza na 300. Weka afya zaidi, pumzi kidogo, uchawi achana nao. Na mzigo acha kuokota sahani na ndoo, angalia bei ugawe kwa uzito.

Jambo jingine la kujua kwa mzururaji, pango linapima nguvu zako siku ya kwanza unapoingia na mengi yanabaki kwenye kipimo hicho. Kuna mahali pana kiwango cha chini hata uwe mchanga, ukiona mtu mmoja anakumaliza kwa pigo moja toka, rudi baadae, si aibu.

---

bintiMwanza:

Huko juu kwenye ngazi kuna dude la theluji, zimwi jeupe la macho matatu, lipo karibu na mwisho wa kupanda na linaua wageni wengi sana. Usipigane nalo kwa upanga ukiwa mchanga maana jeraha lake linajiponya lenyewe. Linaogopa moto. Na wewe moto unao, kila mtu anaanza gemu na uchawi wa Flames hata kama hujawahi kuufungua, uweke mkono wa kushoto, lichome huku unarudi nyuma. Sijali mzee anasema achana na uchawi, kwa hilo zimwi utauhitaji.

Kabla hujaondoka Whiterun tengeneza dawa. Chuma yale maua ya buluu ya mlimani yamejaa kote njiani, chukua ngano kwenye mashamba nje ya mji, ingia kwa Arcadia pale sokoni ana meza ya kuchanganyia, ukiweka hivyo viwili unapata dawa ya kurudisha afya ambayo inakuongezea na afya ya ziada kwa muda. Tengeneza nyingi. Zilizobaki unamuuzia yeye mwenyewe.

Halafu usipande tu mbio. Ngazi zinaanzia kijiji cha Ivarstead, pale darajani utamkuta mzee Klimmek anapeleka chakula kwa wale wazee kila mara na miguu imechoka, mwombe mzigo umpelekee. Njiani kuna mawe 10 yamechongwa maandishi, yanasimulia habari za majoka na watu na hiyo sauti, soma kila moja kwa mpangilio, ukimaliza la mwisho unapata baraka, kwa siku nzima ya ndani ya gemu wanyama hawakugusi, dubu anapita pembeni yako. Na kuna watu utawakuta wanapanda kama wewe au wamekaa wanatafakari, ongea nao.

Kutoka Whiterun kwenda Ivarstead ukifuata barabara ya mashariki kando ya mto utakuta minara miwili na daraja la mawe juu ya maji, Valtheim Towers. Kuna dada amesimama barabarani atakwambia lipa 200 ndo upite. Unaweza kulipa, unaweza kumshawishi kwa maneno, unaweza kupigana, wako wengi juu na wana pinde. Mimi nikiwa mchanga navuka mto mapema napita ng'ambo ya pili kwa kunyata mpaka nimewaacha. Ukipita salama barabara inakata kusini kuzunguka mlima, usiku lala usitembee, na ukifika Ivarstead niandikie hapa umekutana na nini njiani maana kila mtu anakutana na vitu vyake.